Mlio wa Pili

Watu walimwita Vidole, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa msusi. Akishika kichwa cha mtu, mwenye kichwa alianza kusinzia kabla mistari haijafika kisogoni. Watoto waliozoea kupiga kelele wakisukwa kwingine, kwake walitulia tuli, mmoja alifika hadi kukoroma. Ukimuuliza siri yake alikuwa akijibu, "Nywele hazina ugomvi na mtu. Wanaozivuta ndio wenye ugomvi."

Yeye na shoga yake walipanga chumba kimoja katika safu ya maduka, wakakifanya saluni. Upande wa kulia palikuwa na mtu wa fotokopi, upande wa kushoto fundi wa kuchomelea mageti. Ndani mlikuwa na viti viwili, kioo kirefu, draya mbili za kusimama na redio isiyozimwa. Siku ya Jumamosi chumba kilijaa wanawake, na wanawake wakijaa hadithi nazo hujaa: huku mmoja anamsema wifi yake, huku mwingine anasimulia mazishi, na nje fundi anakata vyuma. Vidole alisuka katikati ya hayo yote kwa miaka. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea la pili, naye hakujua kwamba hiyo nayo ni neema.

Hakuna aliyeweza kusema mambo yalianza siku gani. Yeye mwenyewe alikumbuka tu kwamba sauti zilikataa kupita. Kitana kikiangushwa mezani kilimgonga kama mtu amemwita jina. Panga la feni lililokuwa limelegea, ambalo lilikuwa likigonga tangu wahamie pale, sasa alilisikia kila lilipozunguka. Harufu ya losheni ilikuwa ikimngojea mlangoni na kumfuata mpaka nyumbani. Mwanga wa kioo ulimchoma. Kila kitu kilikuja mbele kikitaka kusalimiwa, na yeye alikuwa na macho mawili na masikio mawili tu.

Baadaye, ndani ya mngurumo wa draya, akaanza kusikia maneno. Mwanzoni hayakushikika, yalikuwa kama mazungumzo ya chumba cha pili. Kisha yakashikika. Sauti ilisema, "Ana mikono michafu."

Akanawa. Ikasema tena, akanawa tena. Alinawa kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ya vidole ikapasuka. Shoga yake alipouliza, alisema ni dawa za nywele zimemdhuru.

Aliyeangukiwa na balaa alikuwa muuza vitambaa, mteja wa siku nyingi, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona. Jumamosi hiyo alikaa kwenye kiti cha Vidole, amekwisha kusukwa nusu ya kichwa, akimcheka jirani yake aliyenunua kabati lisiloingia mlangoni. Na Vidole akasikia, kwa sauti ileile ya muuza vitambaa, katikati ya kicheko kilekile: "Ana mikono michafu huyu."

"Umesemaje?"

"Nasema hata walipong'oa mlango bado halikuingia!"

"Hapana. Ulichosema juu yangu."

"Juu yako? Vidole, una nini leo?"

"Kama mikono yangu michafu, basi kazi ya mikono michafu na itoke kichwani mwako."

Akachukua mkasi akaikata mistari aliyokuwa ameisuka, nywele za bandia na za mwenyewe pamoja, karibu na ngozi. Muuza vitambaa alipiga ukelele, fotokopi ikasimama. Shoga yake alimshika mkono, akauchukua mkasi taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kiberiti. Mchana huo alimwambia, macho chini, "Mwenzangu, nenda kapumzike kwanza. Mimi nitaongea na watu." Watu hawakutaka kuongeleshwa. Habari ilikwisha kufika kila mahali penye kitana.

Nyumbani, Vidole alikuwa akiishi na binti yake mdogo na mama mkwe wake. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kuonekana kwa msimu. Mama mkwe alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni, na miaka ya kupika kwenye masufuria makubwa ilikuwa imemwachia mabega mapana na sauti ya kuita ukumbi mzima. Wawili hao hawakuwa chanda na pete. Waliheshimiana kwa mbali, kama watu wawili wanaotumia mlango mmoja. Mama mkwe aliposikia habari za mkasi, alisema neno moja tu: "Kiburi." Akaendelea kuchambua mchele.

Lakini siku zilivyokwenda aliona mambo ambayo kiburi hakiyaelezi. Mkwewe alikuwa akisimama kando ya pipa la maji akimjibu mtu asiyekuwapo. Chakula alikuwa hali, na akila alitafuna kama anayesikiliza meno yake. Asubuhi moja mama mkwe alimkuta ananawa, na maji ndani ya beseni yana wekundu. Alimshika viganja, akavigeuza, akaviangalia.

"Nani amekwambia ni michafu?"

Vidole akatazama pembeni. "Wewe huwasikii, mama?"

"Siwasikii. Lakini nakuona wewe unavyowasikia. Vaa viatu."

Majirani walikuwa na majina yao ya ugonjwa na kila mmoja na dawa yake. Mama mkwe aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akafanya lake: akampeleka hospitali. Daktari aliwauliza mengi bila haraka, akawaambia kwamba ugonjwa huo unaitwa skizofrenia, kwamba si laana wala si tabia mbaya, na kwamba dawa zipo.

Dawa zilifanya kazi, na hapo ndipo tatizo la pili lilipozaliwa. Sauti zilirudi nyuma, zikawa kama redio ya jirani. Ila mwili wa Vidole ukawa mzito kama gunia lililonyeshewa, na mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja alimkalisha binti yake amsuke. Alipopasua njia ya kwanza, ikaenda upogo. Ya pili ikaenda upogo zaidi. Mtoto alijitazama kwenye kioo cha mkononi, akasema kwa upole, "Si kitu, mama, nitavaa kofia." Neno hilo lilimwuma kuliko lolote ambalo sauti ziliwahi kumwambia.

Basi akaacha kumeza. Aliweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji mbele ya mama mkwe, akaenda kutema bafuni.

Mama mkwe hakuligundua kwa kuchungulia. Aliligundua mezani, Vidole alipommiminia chai bila tone kumwagika.

"Dawa unameza?"

"Nameza, mama."

"Basi mikono imepona na nini?"

Vidole akaweka birika chini.

"Mama, wewe ni mpishi. Wangekupa dawa inayokuondolea ulimi, usijue chumvi wala sukari, ungeimeza?"

Mzee yule akasema, "Ningekwenda kwa aliyenipa, nimwambie ulimi wangu umekufa. Nisingetema bafuni kama mwizi." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Vidole hakujua kwamba anayo, akaongeza, "Ungeniambia, mwanangu. Mimi nilidhani unamwaga chai kwa kutonipenda."

Wakarudi hospitali wote wawili. Daktari hakukasirika. Alisema kutetemeka ni jambo linalojulikana, akabadilisha dawa na kupunguza kipimo, akaomba asifichwe jambo tena. Walipokuwa wanainuka akawaeleza kwamba katika jengo la nyuma kuna mtafiti anayechunguza jinsi wenye maradhi haya wanavyosikia na kuhisi vitu, na anatafuta watu wa kumsaidia. "Haitakutibu," alisema. "Na ukikataa, matibabu yako hayabadiliki hata kidogo. Ni hiari yako."

Vidole alikuwa amechoka kuambiwa kwamba hasikii kitu. Mtu anayetaka kujua anachokisikia alikuwa kitu kipya. Akakubali.

Sharti lilikuwa moja: aende na nywele zilizofumuliwa, safi, bila mafuta. Mikono yake ilikuwa bado haijatulia, kwa hiyo aliyemfumua ni mama mkwe, na kwa kuwa mama mkwe alizoea kukwangua ukoko wa sufuria, kazi hiyo haikuwa ya mchezo.

"Mama, unavuta!"

"Tulia. Mimi si Vidole."

Jengo la nyuma lilikuwa chumba cha kufulia cha zamani. Kuta zilikuwa zimebandikwa sponji nene, dirisha limefunikwa, mlango ukifungwa unasikia moyo wako. Vidole aliingia akahisi kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. Hapakuwa na feni wala redio. Mtafiti alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, wa raba na miwani, na kila alipotaka kumgusa alisema kwanza: sasa nitagusa paji la uso, sasa nitagusa nyuma ya sikio. Alimvika kofia ya kitambaa iliyojaa vitundu, na kwenye kila kitundu akaingiza jeli ya baridi na kuchomeka waya. Akamfunga vikanda viwili vidogo kwenye vidole vya mkono wa kushoto vya kupima jasho, na kimoja kifuani cha kupima moyo.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, jicho halibanduki.

"Hizo nyaya zinaingiza umeme au zinatoa?"

"Haziingizi chochote, mama. Zinasikiliza tu."

"Aa. Kama majirani."

Vidole alicheka, na jeli ikamchuruzika shingoni. Miaka mingi alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu. Leo yeye ndiye aliyekuwa kitini, na mikono ya mwingine ikimtafutia njia kwenye nywele. Mikono ya mtafiti ilikuwa baridi lakini haikuwa na papara. Akamwachia kichwa.

Jaribio la kwanza halikuwa na swali lolote. Alivaa spika za masikioni, akaambiwa atazame alama ukutani na asifanye lolote. Masikioni mlilia kitu kama kucha ikigonga meza: ti, na mara hiyohiyo ti nyingine. Kimya. Kisha tena, ti-ti. Iliendelea hivyo mpaka akadhani amesahauliwa.

La pili lilikuwa la sauti za nyumbani. Bomba linalochuruzika, mlango, mtoto anayelia, kijiko ndani ya kikombe, na baada ya kila sauti alitakiwa aseme imemkera kiasi gani. Ikaja sauti ya draya.

"Hii?"

"Ya kawaida."

Walipomaliza, mtafiti alimgeuzia kompyuta. Mstari mmoja ulikuwa umetambaa chini kama mchirizi, kisha ghafla umepanda kama mtu aliyekanyaga moto. "Hili ni jasho la vidole vyako. Hapa palikuwa na draya. Na moyo wako nao huu hapa. Lakini ulisema ni ya kawaida."

Vidole aliutazama. "Nimezoea kusema hivyo. Unafanya kazi na draya, utasema nini kingine?"

Walirudi baada ya muda kusikia habari ya ile milio miwili. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na vilima viwili vimesimama bega kwa bega.

"Mlio wa kwanza ukilia, ubongo unashtuka, unaweka kilima," mtafiti alieleza. "Watu wengi, wa pili ukilia, kilima kinakuwa kidogo. Ni kama ubongo unasema, huyu nimeshamsikia, apite. Wewe wa pili umeupokea kama mgeni mpya kabisa. Na kila ulipolia, ulikuwa mgeni mpya."

"Hata kitana kikianguka?"

"Inawezekana. Lakini usiniwekee maneno mdomoni. Siwezi kukuambia kwamba hiki ndicho kinacholeta zile sauti. Wapo wagonjwa ambao kilima chao cha pili ni kidogo tu, na wapo wazima wenye vilima kama vyako wanaotembea mjini hawana habari. Hiki si kipimo cha kumwambia mtu mmoja yeye ni nani. Tunakusanya watu wengi, ndipo tutoe neno, na hata hilo neno litakuwa fupi."

Vidole hakuwa anasikiliza sehemu ya mwisho. Macho yake yalikuwa bado kwenye vilima.

"Kwa hiyo sijidekezi," alisema.

"Hapana. Hujidekezi."

Mama mkwe alikohoa, akafungua mkoba, akaufunga. Yeye ndiye aliyekuwa akitumia neno hilo nyumbani, kila mkwe wake alipoomba watu wapunguze kelele. Vidole hakumtazama. Mzee akasimama, akavua kilemba.

"Na mimi nipime."

"Mama, umri tunaoutafuta ni—"

"Sema mzee tu. Nipime. Nataka nione kwangu kukoje."

Mtafiti akaona hana ubavu wa kumshinda. Akamwambia matokeo yake hayatatumika, ni ya kuangalia tu, akamvika kofia. Mama mkwe alikaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kilima chake cha kwanza kilikuwa cha wastani. Cha pili kilikuwa kama uwanja wa mpira.

"Ndiyo maana tukikuita hata mara tano huitiki!" Vidole alisema.

Walicheka wote watatu, na mama mkwe alicheka kuliko wote, waya zikimtikisika kichwani. Shule nzima ya watoto ilikuwa ikigonga sahani miaka yote hiyo, alisema. Bila uwanja huo angekuwa amehama duniani.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika, bila mtu kuitisha kikao. Mama mkwe alihamisha sufuria za kuning'inia kutoka ukutani. Aliacha kuita kutoka jikoni. Alikuwa anakuja, anasimama pale Vidole anapoweza kumwona, ndipo anasema. Ilimgharimu, kwa sababu kuita ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha yake. Mume aliporudi safari alikuta stoo ya uani imetolewa magunia, imepakwa rangi ya kijivu isiyong'aa, na pazia nene la blanketi kuukuu mlangoni. Ndani mlikuwa na kiti kimoja.

"Nilikuwa naogopa kupiga simu," alimwambia mkewe, wamekaa kizingitini. "Sikujua niulize nini."

"Uliza nimesuka wangapi leo."

"Umesuka wangapi?"

"Mmoja. Na hata hakusinzia. Lakini njia zilinyooka."

Dawa mpya haikuwa ya miujiza. Ilimnenepesha, naye alinung'unika juu ya magauni yake. Lakini mikono ilitulia, si kama zamani, ila ya kufaa kazi. Alipokea mteja mmoja kwa wakati, bila draya. Nywele zilikauka kwa taulo na jua. Walioanza kuja ni wale waliochoka na kelele za saluni, mama mwenye mtoto mchanga, mwalimu mwenye maumivu ya kichwa. Shoga yake naye alimletea watoto waliomshinda kwa kulia. Sauti haikuondoka kabisa. Siku ikija, Vidole alisimamisha mikono, akamuuliza aliye kitini, "Umesema kitu?" Akiambiwa hapana, aliendelea na kazi. Wateja walilizoea swali lake.

Deni moja lilimkaa rohoni, na halikuwa la fedha. Asubuhi moja alimfuata muuza vitambaa sokoni. Alimkuta anakunja vitenge, kichwa kimefungwa kitambaa. Walisalimiana kama watu wanaopita juu ya daraja bovu.

"Nimekuja kuomba radhi. Siku ile hukusema kitu. Mimi nilisikia, na nilisikia kwa sauti yako kabisa, lakini hukusema. Nilikuwa mgonjwa. Bado ni mgonjwa, natibiwa."

Muuza vitambaa aliendelea kukunja. "Nilikwenda kwenye harusi ya mdogo wangu na wigi la kuazima. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Likanivuka wakati wa picha." Midomo yake ilitaka kucheka, akaizuia. "Nimekusamehe, Vidole. Kweli nimekusamehe. Lakini kichwa changu sikuletei tena."

"Una haki."

"Mpwa wangu, huyo nitamleta. Ana kichwa laini, kila msusi anamliza." Akamkatia kipande cha kitambaa cheusi. "Cha pazia lako. Nimesikia unatumia blanketi. Blanketi linakaa na vumbi."

Vidole alikipokea kwa mikono miwili, akarudi nyumbani kwa miguu, njia ya mbali isiyo na mafundi wa vyuma.

Mwaka uliofuata mtafiti aliwaita tena, kwa maana alitaka kuona kama matibabu yamebadilisha lolote. Kofia ileile, jeli ileile ya baridi. Ti-ti, kimya, ti-ti. Mwisho vilima vikatokea kwenye kompyuta, na vilikuwa karibu sawa na vya kwanza. Mtafiti alivua miwani akaifuta. Ilionekana kama yeye ndiye aliyefeli.

"Nilitumaini cha pili kitashuka kidogo," alisema.

"Pole, daktari," Vidole alimwambia, na alimaanisha. "Mimi siku hizi nalala, nasuka, mtoto wangu anakwenda shule bila kofia. Wewe andika ulichokiona."

Alikwenda kunawa jeli kwenye sinki la ukumbini, akazikausha nywele kwa taulo aliyokuja nayo, akazifunga. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kitambo, mkoba begani, amechoka kungoja. Alisema kwa kuwa wamekwisha kufika mjini, anataka viatu, na anataka vya kisigino.

"Mama, kwa magoti gani?"

"Kwa haya haya niliyokuja nayo."

"Utaanguka."

"Nikianguka utanisikia. Wewe si unasikia kila kitu?"

Vidole alimshika mkono kuteremka ngazi, na wakatokea nje kwenye jua, wakibishana juu ya kimo cha kisigino hadi mlangoni mwa duka.